Una mimba na ulishafanyiwa operesheni ya kupunguza uzito? Fanya hivi usiishiwe damu na vitamini (kwa wadada wa Mwanza na kanda ya ziwa)

Nilikuwa napara sato jikoni, mimba ina wiki ya 22, kisu kikanidondoka. Nikakiokota, kikadondoka tena. Vidole vilikuwa vinachomachoma kama vile nimelalia mkono ukafa ganzi, ila sikuwa nimeulalia, na hiyo hali ilikuwa na wiki mbili haijatoka. Mimi najiambia ni mimba tu. Mama mkwe naye akasema ni mimba tu, "huyu wangu wa tatu alinifanya hivyo hivyo." Kumbe vitamini B12 ilikuwa imeniishia mwilini, damu (HB) iko 8.1, na kliniki hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anajua kwamba miaka mitatu nyuma nilienda India kufanyiwa baipasi ya tumbo, kwa sababu sikumwambia mtu.

Kwanini sikusema? Dada yangu unajua mwenyewe. Hapa kwetu ukipungua kilo 40 ndani ya mwaka watu hawakuulizi umefanyaje, wanajijibu wenyewe. Nilishasemwa sana mtaani kwamba nimeathirika, mara nimetupiwa kitu, nikaamua kunyamaza, na ile siri nikaibeba mpaka kwenye benchi la kliniki ya wajawazito ambako ndo sehemu ya kwanza nilitakiwa kuitua. Kwahiyo mambo yote nitakayoeleza hapa chini yanaanzia hapo, ukiificha operesheni hakuna anayeweza kukusaidia maana dalili zako zote zinafanana na za mimba ya kawaida.

Tuelewane kwanza ni operesheni zipi. Slivu ni ile wanakata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu au zaidi, kinabaki kimrija kama ndizi. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo sana juu, kama mililita 30 hivi, wanakiunganisha na utumbo mdogo huko mbele, yaani chakula kinaruka tumbo lote na ule mwanzo wa utumbo. Sasa huo mwanzo wa utumbo ndo mahali chuma na kalsiamu vinapoingia mwilini kwa wingi, na B12 inahitaji asidi ya tumbo pamoja na protini maalum inayotengenezwa na tumbo lenyewe, ambalo wewe limebaki dogo au chakula hakipiti tena. Ndo maana mtu akikwambia "kula vizuri tu damu itapanda" anakwambia kwa mapenzi mema ila haikutoshi, kwa sababu shida yako siyo sahani, ni mlango wa kuingilia.

Puto nalo (la kuwekwa tumboni ili ushibe haraka, wengine wanawekewa hospitali ya Mloganzila siku hizi, halina kukatwa) lina mambo yake. Puto halitakiwi kukaa tumboni ukiwa mjamzito, ukigundua una mimba na puto bado limo piga simu kwa waliokuwekea siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: kama bado hujashika mimba, subiri

Wataalamu wengi wanataka usubiri miezi 12 mpaka 18 baada ya operesheni, uzito utulie kwanza. Ule mwaka wa kwanza mwili unajila wenyewe, unapungua kila wiki, mtoto akiingia hapo mnagombania kidogo kilichopo.

Ila sasa sikiliza vizuri. Wengi wetu tulikuwa na hedhi ya kuruka ruka kwa sababu ya unene, wengine walishaambiwa hawatazaa, alafu ukipungua tu mayai yanaamka. Mimba inakuja ghafla hata kwa mtu aliyekaa miaka sita bila kushika. Na vidonge vya majira usivitegemee hasa kama ni baipasi, kwa sababu kama chuma hakiingii vizuri na kidonge nacho hivyo hivyo, tena ukitapika au ukiharisha ndo kabisa. Nenda kitanzi au kijiti, hivyo havipiti tumboni.

Na kama imeshaingia ndani ya mwaka wa kwanza, usiogope na usikimbilie kuitoa. Wanawake wengi wanajifungua salama. Wewe unachotakiwa ni kuwahi kliniki mapema kuliko wengine na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, basi.

Hatua ya 2: sema, na sema kwa jina

Hapa ndo nilipokosea kwa hiyo nitakaa kidogo. Siku yangu ya kwanza kliniki nesi aliniuliza akiwa anajaza kadi, foleni nyuma yangu inafika nje.

"Umewahi kufanyiwa operesheni?"
"Ndio sista, ya tumbo."
"Ya uzazi?"
"Hapana."
"Haya."

Akaandika anachojua yeye akaendelea na vipimo vya kaswende na presha. Hakukosea, mimi ndo niliacha ipite. Ukisema "operesheni ya tumbo" huku kwetu watu wanaelewa kisu cha uzazi, au kidole tumbo, au ngiri. Na makovu ya siku hizi ni vidoti vitano tu vidogo, havisemi chochote.

Kwahiyo sema hivi: "Sista, nilifanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, inaitwa baipasi ya tumbo (au slivu), mwaka fulani, naomba iandikwe kwenye kadi na naomba nionane na daktari." Ukiona anashangaa usijisikie vibaya, wengi hawajawahi kumhudumia mtu kama wewe. Toa ripoti ya hospitali iliyokufanyia. Kama ripoti iko kwenye simu iprinti stationeri, mia mbili mia tatu tu, ibane na stepla kwenye kadi. Kama hukupewa waandikie WhatsApp wakutumie.

Alafu omba rufaa mapema. Zahanati na kituo cha afya vitakupa chandarua, fefo (vidonge vya chuma na foliki), dawa ya minyoo na SP (ya kuzuia malaria) na hivyo vyote unavihitaji, usiviache, ila mtu wa kusoma damu yako awe daktari bingwa wa wakina mama, kwa hapa mjini ni hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Unaweza kuendelea na kliniki yako ya mtaani na huku ukawa unaonana naye, havigombani.

Na ukiogopa majirani kusikia, mwambie nesi mnong'one ndani ya chumba. Siri inabaki kwake. Wifi yako na jirani yako hawana haja ya kujua lakini kadi lazima ijue.

Hatua ya 3: vidonge, hapa ndo penye kazi

Usifanye makosa ya kusema nilishamaliza vile vya mwaka wa kwanza. Mimi makopo niliyotoka nayo India yaliisha nikajiona niko fiti nikaacha. B12 inakaa akiba kwenye ini muda mrefu, ndo maana ilichukua miaka mitatu kuisha, na ikaisha wakati mbaya.

Foliki asidi. Hii inazuia mtoto kuzaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa, na mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne za mwanzo baada ya mimba kutungwa, yaani wengi hata hujajua una mimba. Kwahiyo anza kabla, kama miezi mitatu. Kawaida ni milligramu 0.4 kwa siku, ila kama uzito bado uko juu (BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, 30 kwenda juu) au una kisukari daktari atakupa ile ya milligramu 5 mpaka wiki ya 12. Sasa hapa kuna kitu cha muhimu mno kwa sisi watu wa ziwa ambako malaria haiishi: foliki ya milligramu 5 inaipunguzia nguvu SP, ile dawa ya kuzuia malaria unayomezeshwa kliniki kuanzia mwezi wa nne hivi. Kwahiyo ukifika wakati wa SP usiwe bado unameza ya 5, mwambie nesi na daktari, urudi kwenye ile ya 0.4 ambayo haina shida na SP. Wengi wananunua vile vidonge vidogo vya njano famasi na kuendelea navyo miezi tisa yote wakidhani nyingi ndo nzuri.

Chuma. Kwetu sisi inatakiwa kama milligramu 45 mpaka 60 za chuma chenyewe kila siku, na hiyo ni kukinga tu, kama damu imeshashuka daktari ataongeza. Fefo za kliniki zinasaidia, meza kila siku siyo siku ukikumbuka. Meza na maji yenye limao, au kula chungwa au pera, vitamini C inakisaidia kuingia. Usimeze na chai wala kahawa wala maziwa. Najua ile chai ya rangi ya asubuhi haiachiki, basi ipishe saa moja au mbili. Zikikutesa tumbo au choo kigumu usiache kimya kimya, sema ubadilishiwe. Na kama vidonge vimeshindikana kabisa kupandisha, kuna chuma cha dripu, hicho kinapita moja kwa moja kwenye mshipa hakina habari na utumbo wako. Ila hicho hawakupi miezi mitatu ya kwanza, ni kuanzia hapo kwenda mbele. Mimi nilipewa mara mbili, damu ikatoka 8.1 mpaka 10.9, na ule uchovu wa kupanda ngazi nikipumua kama nimetoka kupanda kilima cha Bugando kwa miguu ukaondoka.

B12. Kwa mtu wa baipasi hii ni sindano, milligramu 1 kila baada ya miezi mitatu, ndo njia ya uhakika. Kuna vidonge vya milligramu 1 vya kila siku vinavyowafaa baadhi, ila uliza na upime. Ukiwa umeshaishiwa kama mimi wanakuchoma mara nyingi zaidi mwanzoni. Dalili zake ndo hizo za vidole, ganzi ya miguu, ulimi kuwa laini na kuuma, kusahau sahau, kuyumba gizani. Na hii itie akilini: foliki nyingi inaweza kuirekebisha damu ikaonekana nzuri kwenye karatasi huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kwa kukosa B12. Yaani unapongezwa kliniki huku mwili unaungua ndani. Ndo maana B12 ipimwe au ichomwe kabla ya kupewa foliki kubwa.

Kalsiamu na vitamini D. Kalsiamu jumla ya milligramu 1200 mpaka 1500 kwa siku, chakula na vidonge pamoja, ila siyo kwa mkupuo, mwili hauchukui zaidi ya 500 au 600 kwa wakati mmoja. Famasi nyingi zina kalsiamu kaboneti, hiyo inataka asidi ya tumbo kwahiyo imeze ukiwa unakula. Ukipata kalsiamu sitreti ni bora zaidi kwetu, haijali kama umekula au hujala. Vitamini D angalau yuniti 1000 kwa siku. Watu wanacheka wakisikia Mwanza mtu anaishiwa vitamini ya jua, lakini siku nzima uko ofisini au dukani, ukitoka umejifunika, na kama utumbo hauchukui mafuta vizuri basi nayo haiingii vizuri.

Na usimeze kalsiamu pamoja na chuma, zinapigana mlangoni. Zipishe masaa mawili. Mimi ratiba yangu ilikuwa hivi: saa 1 asubuhi kalsiamu na yai, saa 4 fefo na maji ya limao, saa 7 mchana kalsiamu na chakula, saa 11 jioni maltivitamini, usiku kalsiamu ya mwisho na samaki. Niliweka alamu kwenye simu zote mbili, yangu na ya mume wangu.

Maltivitamini. Tafuta ya wajawazito, yenye zinki na shaba ndani (shaba ikiisha inaleta ganzi inayofanana kabisa na ya B12, hata madaktari inawachanganya). Angalia vitamini A yake imeandikwaje. Inayotakiwa ni betakarotini. Retinoli ikizidi miezi ya mwanzo inaweza kumharibu mtoto viungo, isipite yuniti 10,000 kwa siku, kwahiyo usije ukajiongezea mwenyewe kwa kumeza maltivitamini mbili mbili za kawaida ili kufidia.

Na hapo hapo tuongelee maini. Kila mtu atakwambia kula maini damu imepungua. Ni kweli yana chuma, ila yamejaa retinoli, kiasi kwamba Uingereza wajawazito wanaambiwa wayaache. Sasa wewe ambaye unameza na vidonge juu yake usiyafanye dawa ya kila siku, chuma kitafute kwingine. Ila usije ukaiogopa vitamini A yote, maana ikiisha macho hayaoni jioni. Ukiona giza likiingia unagonga milango na wenzako wanaona vizuri tu, sema haraka.

Hatua ya 4: pima damu kila miezi mitatu, usisubiri kuumwa

HB peke yake haitoshi. Omba FBP (picha kamili ya damu), feritini (akiba ya chuma), B12, foliki, vitamini D, kalsiamu na albumini (protini ya damu), na ikiwezekana vitamini A, mara ya kwanza mapema iwezekanavyo alafu kila kipindi cha miezi mitatu ya mimba. Ni hela, najua, na bima siyo zote zinalipa. Kama mfuko umebana mimi ningeanza na FBP, feritini na B12, hizo tatu usizikose, vingine uongee na daktari kipi kinasubiri.

Kwanini FBP na siyo HB ya kutoboa kidole? Kwa sababu inaonyesha na ukubwa wa chembe za damu. Kukosa chuma kunazifanya ndogo, kukosa B12 au foliki kunazifanya kubwa, na ukikosa vyote kwa pamoja kama ilivyo kwetu wengi, ukubwa wa wastani unaweza kuonekana wa kawaida kabisa mtu akakwambia hamna shida. Daktari wangu alinionyesha kwa kidole kwenye karatasi, wastani uko sawa ila kale kanamba ka tofauti za ukubwa kako juu sana, zingine punje zingine mapande.

Feritini nayo inadanganya ukiwa na homa au malaria au maambukizi yoyote, inapanda wakati akiba yenyewe iko chini. Pima ukiwa mzima.

Tena sisi wa ziwani tuna vitu vingine vinavyokula damu ambavyo havihusiani na operesheni: malaria, minyoo, na kichocho kwa wanaofua, wanaooga au wanaochota maji ziwani. Na selimundu huku kwetu ni wengi. Kwahiyo mwambie daktari apime na hivyo, usije ukamwagiwa chuma cha dripu huku kichocho kinavujisha taratibu. Kichocho kina dawa na mjamzito anaruhusiwa kuinywa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Hatua ya 5: kula kwa mpangilio wa tumbo dogo

Lengo ni protini gramu 60 kwa siku angalau. Yai moja ni kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kipande cha sato kilichopikwa cha gramu 100 ni kama 25. Unaona? Sisi tumekaa kwenye utajiri. Anza na samaki, alafu mboga, ugali uwe wa mwisho ukibaki na nafasi. Ugali wa muhogo na michembe ni vitamu na ni vya kwetu lakini vinajaza kifuko vikiwa karibu havina protini, ukianza navyo umeshamaliza nafasi yote. Itabidi umweleze anayepakua, maana kwa mama mkwe ule mlima wa ugali ni upendo na ukiurudisha anaona unamnyima mjukuu wake. Mimi nilimwambia, "Mama, nipe samaki wawili na ugali wa mtoto." Alikubali.

Dagaa ndo chakula chetu namba moja kwa hili. Unamla mzima na mifupa yake, kalsiamu iko humo. Ila nunua walioanikwa kwenye chanja au nyavu, siyo mchangani, ule mchanga hata ukiosha mara nne bado unausikia kwenye meno na tumbo dogo haliupendi. Nikienda Mwaloni nachukua kidogo kwenye kiganja nasugua, nikiona vumbi la mchanga nahamia meza nyingine. Nyumbani nawachambua, nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga bila mafuta mpaka wakauke, nawatwanga unga laini, natia kwenye kopo. Kijiko kimoja kwenye mchicha au kisamvu au mrenda, siku umechoka kutafuna inakuokoa sana.

Viazi lishe vile vya njano ndani, maembe, majani ya maboga na karoti ndo vitamini A yako salama. Kunde, choroko na karanga ziwepo. Kula mara tano sita kidogo kidogo, na usinywe maji katikati ya chakula, pisha kama nusu saa. Juisi ya rozela na bitiruti kunywa kama unapenda bila sukari nyingi, ila rangi nyekundu siyo damu, isije ikakufanya uache fefo.

Udongo. Najua hamu yake, ule wa pemba unaouzwa sokoni kwenye vimfuko unanukia kama mvua ya kwanza. Hamu ya kula udongo mara nyingi yenyewe ni dalili ya kukosa chuma, na ukiula unakishika chuma kidogo ulichomeza unatoka nacho, tena maeneo ya machimbo kama Geita udongo unaweza kuwa na madini mabaya kama zebaki. Mimi hamu iliisha yenyewe wiki ya pili baada ya dripu. Usione aibu kumwambia daktari kwamba unakula, ni taarifa muhimu kwake.

Hatua ya 6: ukitapika siku mbili tatu mfululizo usikae nyumbani

Kutapika mimba changa kila mtu anakujua, lakini kwako wewe vitamini B1 akiba yake ni ya wiki chache tu na ukitapika inaisha mapema. Ikiisha ubongo ndo unaumia: unaona vitu viwili viwili, macho yanacheza, unayumba kama mlevi, unaongea vitu visivyoeleweka. Huku kwetu mtu akifika hapo anapelekwa kuombewa au kwa mganga, na kila saa inayopita inamharibia. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na mwambie ndugu yako atakayekusindikiza amwambie daktari maneno haya: ana operesheni ya kupunguza uzito, anatapika, tunaomba B1 kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia inamaliza ile B1 kidogo iliyobaki na hali inakuwa mbaya zaidi. Niliandika hiyo sentensi kwa kalamu kwenye jalada la kadi yangu.

Hatua ya 7: kipimo cha sukari cha kunywa glukosi

Kati ya wiki ya 24 na 28 utaambiwa unywe glukosi gramu 75 wapime kisukari cha mimba. Kama una baipasi mwambie daktari kwanza. Sukari nyingi namna hiyo inashuka kwenye utumbo kwa kishindo, moyo unakimbia, jasho, kuharisha, alafu sukari inaanguka chini unaweza kuzimia kwenye benchi. Mbadala ni kupima kwa kimashine cha kidole nyumbani kama wiki moja, kabla na baada ya kula. Soda na juisi ya miwa vinaleta hali hiyo hiyo kwahiyo viache.

Hatua ya 8: maumivu makali ya tumbo siyo gesi

Hili ni la watu wa baipasi hasa, na hasa mimba ikiwa kubwa. Kizazi kinapopanda kinasukuma utumbo, na utumbo unaweza kuingia kwenye upenyo ulioachwa na operesheni ukajinyonga. Maumivu ya juu ya tumbo au mgongoni yanayokuja kwa mawimbi, kichefuchefu, kutapika. Altrasaundi inaweza kuonyesha mtoto anacheza vizuri na kila kitu sawa wakati utumbo unakufa, kwahiyo usikubali kurudishwa na dawa ya vidonda vya tumbo, omba daktari wa upasuaji akuone. Mjini ni Bugando. Wa Sengerema toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 mna nafuu, lakini dada wa Ukerewe na visiwani ambao bado mnategemea maji, mimba ikifika miezi saba nane tafuta ndugu mjini ukakae kwake.

Diklofenaki na ibuprofeni usitumie, kwa mimba na kwa kifuko chako, vinatoboa vidonda pale pa maungio. Parasetamoli inatosha.

Na omba altrasaundi za ukuaji miezi ya mwisho, watoto wetu huwa wanakuwa wadogo zaidi kidogo. Wangu alizaliwa wiki ya 38 na kilo 2.7, analia kwa sauti ya kondakta wa daladala za Igoma.

Ukishajifungua

Usiache vidonge. Maziwa yako yanabeba B12 uliyonayo, kama huna na yeye hana, na mtoto anayekosa B12 anakuwa mlegevu, hanyonyi vizuri, anachelewa kukaa au anasahau alivyokuwa ameshajifunza. Mimi kadi ya mtoto nimeandika juu kabisa "mama ana baipasi ya tumbo", nesi wa chanjo anaisoma kila tukienda kupima uzito, na mwezi uliopita yeye ndo alinikumbusha kwamba sindano yangu imepita siku nne.